Mkono Ulionyamaza

Siku ile ukumbini tulikuwa watu kumi. Alikuwepo mwalimu wetu, bibi wa hapahapa Johannesburg, mstaafu aliyefundisha mazoezi ya viungo shuleni, ambaye ndiye aliyeita hatua kwenye kipaza sauti. Walikuwepo walinzi wawili kutoka Goma, mtu na binamu yake, wamevaa viatu vya kazini kwa sababu lindo lao lilianza jioni. Alikuwepo fundi viatu wa Mbeya, ambaye hakuongea mpaka aulizwe. Alikuwepo katibu wa klabu, Mtanzania kwa mama na mtu wa huku kwa baba, mmoja wa wale watoto waliorudi na wazazi wao baada ya ukimbizi wa siasa kwisha. Alikuwepo mhadhiri Mkenya wa Braamfontein. Alikuwepo muuza mitumba wa Lubumbashi. Alikuwepo mpishi wa hoteli, Mrundi, mgeni aliyekuwa na majuma matatu tu kati yetu. Alikuwepo mama msusi. Na nilikuwepo mimi.

Nawataja wote ili nisije nikajificha nyuma ya kusema kwamba mambo yalifanyika gizani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa madirishani, na watu wote walikuwa wanatazama. Lakini waliojua kilichotendeka walikuwa wawili tu, aliyetenda na aliyetendewa, kwa sababu kilitendeka ndani ya kiganja.

Klabu yetu ilikuwa ya watu wazima wasio na wenzi. Wajane, walioachwa, na sisi ambao hatukuwahi kuposwa. Tulikutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kule Bellevue, mtaa mmoja na nyumba niliyopanga chumba, tukacheza dansi ya mraba. Watu wanane, jozi nne, kila jozi imesimama upande wake wa mraba, mwanamke kulia kwa mwanamume. Muziki wa fidla unapigwa, mwalimu anaita, na nyinyi mnafanya anachoita: nyota, msafara, mgongo kwa mgongo, mkono wa kushoto kwa jirani. Hujui kitakachoitwa mpaka kiitwe. Anayechelewa kusikia anawavurugia wote saba.

Dansi hiyo haina huruma na hesabu. Saba hawachezi. Wakiwa tisa, mmoja anakaa. Kulikuwa na kiti cha kukalia, kando ya birika kubwa la chai, karibu na sahani ya biskuti ngumu za kuchovya. Sisi tulikiita kiti cha birika. Na kulikuwa na desturi ambayo sijui aliyeianzisha. Nyimbo mbili zilikuwa zamu moja. Ukikaa wewe ili mwenzako acheze, amekopa zamu yako. Anakulipa kwa njia moja tu, naye akae ili wewe ucheze. Hulipwi kwa soda, wala kwa keki, wala kwa samahani. Mtu aliyekaa kwa ajili yako unamlipa kwa kukaa.

Mimi nilifika hapo majira ya baridi ya mwaka 2016. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenisukuma. Tulikuwa watatu, mimi wa kwanza. Baba alikufa Kalemie, na miaka miwili baadaye mama, nikiwa darasa la sita. Niliiacha shule Ijumaa, Jumatatu nikaanza kuuza dagaa. Nimewalea wale wawili huko na huku, kwa cherehani, kwa kushona sare za shule za watoto wa watu wengine. Wachumba wa mdogo wangu walipokuja, wazee walitafuta mwanamume wa kukaa kwenye kiti cha baba apokee posa. Hakuwepo. Nikakaa mimi. Shemeji mtarajiwa alinisalimia, "Shikamoo baba," kwa adabu kabisa, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Baada ya harusi mdogo wangu, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, aliniambia, "Yaya, umemaliza kutukuza. Sasa nenda na wewe ukatazamwe na watu."

Nikaenda. Nikakuta wanaume wanne na wanawake wanne. Mimi nikawa wa tisa, na wa tisa ni mtu wa kiti cha birika. Jumamosi ya kwanza nilikaa saa nzima, mikono mapajani, nikinywa chai iliyopoa. Halafu mwanamke mmoja mnene, anayenukia mafuta ya nywele, alitoka kwenye mraba akaja akanishika begani.

"Inuka, mwanangu. Mimi miguu inaniuma. Kacheze."

Miguu haikuwa inamuuma. Alifanya hivyo Jumamosi iliyofuata, na nyingine, baridi yote ile. Alikaa yeye, nikajifunza mimi. Zamu kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu mtu aliyewahi kulea watoto kwa mkopo anahesabu hata usingizini.

Huyo ndiye mama msusi. Alitoka Uvira, umri wake hamsini na kitu, alikuwa na kiti kimoja cha kukodi ndani ya saluni ya watu karibu na Joubert Park. Mume wake alimwacha zamani. Watoto hakupata.

Baridi ilipokwisha, mwanamume mmoja wa klabu alipata mchumba. Sheria ilikuwa kwamba anayepata mwenzi anatoka. Wakabaki wanaume watatu. Mwalimu alifungua mkoba wake akatoa kitambaa chekundu, akatupitishia macho wanawake watano kama anayechagua mbuzi, akaja kwangu.

"Wewe," alisema kwa Kiingereza. "Una mabega."

Akanifunga kitambaa juu ya kiwiko. Anayevaa kitambaa hicho anacheza upande wa wanaume. Katibu alipiga makofi.

"Hongera, mwenzangu! Umepata kazi ya mume bila hata kufunga ndoa."

"Na mahari amelipa nani?" muuza mitumba akauliza, na wote wakaangua kicheko.

Mwenzi wangu akawa mama msusi. Miezi kumi na tisa nilicheza kama mume wake.

Ndani ya miezi hiyo niligundua kwamba alikuwa hasikii. Haikuwa ghafla. Niliona kwamba anacheka mzaha baada ya wote kucheka. Niliona kwamba kila swali analijibu, "Sawa, sawa." Niliona kwamba hatua ikiitwa, macho yake hayaendi kwa mwalimu bali yanaruka kwa mwanamke wa upande wa pili, anamwiga, anachelewa kidogo. Siku moja nikasimama nyuma yake nikamwita mara tatu. Hakugeuka. Alipogeuka akaniona usoni, akajua kwamba nimejua. Akanivuta hadi kwenye baraza.

"Kwinini," alisema. "Walinichoma nyingi hospitali nikiwa msichana. Nikapona malaria, masikio yakaanza kwenda. Sasa yamekwenda."

"Tumwambie mwalimu, mama."

"Hapana!" Alinishika mkono. Alinitazama midomo, kwa maana ndiyo aliyokuwa akisoma badala ya kusikia. "Wakijua sisikii, Jumamosi nitakuwa nyumbani natazama ukuta. Mwanangu, hapa ndipo mahali pekee mtu ananishika mkono bila kutaka kusukwa."

Basi tukatunga lugha yetu. Kabla ya kila hatua, jozi husimama ikishikana mikono. Nikimbana kidole gumba mara moja, ni kulia. Mara mbili, ni kushoto. Nikikibana kiganja chote, ni kuzunguka. Nikimkuna kwa ukucha, ni mgongo kwa mgongo. Tukiachanishwa katikati ya mraba, alinitazama mabega. Bega likishuka, ndiko anakokwenda. Kwa mwezi mmoja tulikosea. Baada ya hapo tulikuwa jozi nzuri kuliko zote. Mwalimu alitufanya mfano kwa wengine. Hakuna aliyejua kwamba anayesikia pale alikuwa mmoja, anayecheza kwa watu wawili.

Naandika haya kuonyesha kwamba nilijua. Nilijua kila kitu.

Halafu akaja mpishi. Alikuwa mjane wa miaka arobaini, na siku ya kwanza alileta sambusa ndani ya leso ya hoteli, akampa kila mwanamke moja kwa mikono miwili. Alipofika kwangu akaona kitambaa. Katibu akawahi.

"Huyo ni mwanamume mwenzio. Msalimie kiume."

Mpishi hakucheka. Alinipa sambusa kwa mikono miwili kama wengine.

"Hicho kitambaa kinakudhulumu, dada," alisema.

Maneno manne. Nilikwenda nayo kazini, nikayashona ndani ya kola na mifuko. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuna mtu aliyewahi kuona kwamba kuna kitu ninadhulumiwa.

Jumamosi ya tatu ya mpishi, mwalimu akatangaza kwamba tumealikwa kuonyesha dansi yetu Braamfontein, kwenye siku ya vilabu. Wanane tu. Na kwa kuwa sasa wanaume wametimia wanne, kitambaa kitarudi mkobani. Hapo wanawake tukawa watano, katibu, mhadhiri, muuza mitumba, mama msusi na mimi, kwa nafasi nne. Jumamosi ijayo angetujaribu. Zamu ya kwanza tutacheza kama tulivyozoea, mimi na kitambaa changu, awapime wale wanne. Zamu ya pili nitavua kitambaa nicheze upande wa wanawake, na mpishi aingie upande wa wanaume, na mmoja wa wale wanne apumzike. Atakayekosea kuliko wote atakaa kiti cha birika, na huko Braamfontein haendi.

"Tunamjua wa kukaa," katibu alisema akinitazama. "Mume katalikiwa."

"Eish, umekuwa mkali," muuza mitumba alisema, lakini alikuwa anacheka.

Mama msusi aliona meno yetu, naye akacheka pia, akinitazama kwa upendo, bila kujua tunacheka nini. Nilichukia kicheko kile. Huo ndio ukweli. Nilikichukia kama mtu anavyochukia mzigo aliobeba kwa muda mrefu hata hausikii uzito, mpaka siku anapoona mlango mwembamba na mzigo haupiti.

Kwa sababu hesabu niliifanya. Katibu hakosei. Mhadhiri hakosei. Muuza mitumba anakosea, lakini kidogo. Mimi nilikuwa sijacheza upande wa wanawake tangu nifungwe kitambaa, ningekosea. Katika wote watano, palikuwa na mmoja ambaye kucheza kwake au kutocheza kwake kulikuwa ndani ya kidole changu.

Ningependa kusema kwamba lilinijia papo hapo, kwamba mkono ulikufa ganzi. Hapana. Niliamua Jumatano, saa nne asubuhi, nikipindua kola ya shati la shule. Nilipoamua sikusimamisha cherehani.

Jumamosi ikafika, na wale kumi niliowataja wakawa ukumbini. Mpishi alikaa kiti cha birika akisubiri zamu ya pili. Mama msusi alikuja amevaa sketi mpya ya kitenge, amejisuka mwenyewe, nywele zimelala mistari safi. Akasimama kulia kwangu. Akaniwekea mkono mkononi. Ulikuwa wa joto, laini kwa mafuta.

Muziki ukaanza. Mwalimu akaita nyota ya mkono wa kulia.

Sikubana.

Alingoja. Watu walishaanza kuingia katikati. Akanigeukia, akatabasamu, kisha yeye ndiye aliyenibana mkono, kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa jirani kuuliza kama yupo. Nikatazama mbele. Nikamwachia mkono nikaenda. Akaja nyuma yangu kwa haraka, akaingiza mkono wa kushoto badala ya kulia, akagongana na mlinzi.

"Pole mama, pole," mlinzi alisema.

Mwalimu akaita tena. Tena nikaushika mkono wake, na tena mkono wangu ukanyamaza. Safari hii alienda kushoto wote wakienda kulia. Muuza mitumba akamfokea, "Huku mama! Huku!" Kumfokea kiziwi. Alimwona mdomo umefunguka, akatabasamu, akasema, "Sawa, sawa," akaendelea kupotea.

Tulipoachanishwa, alinitafuta mabega. Nilimwona anavyoyatafuta kati ya watu wanaozunguka, shingo imenyooka. Niliyashika mabega yangu sawasawa kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji.

Hapo ingetosha. Alikwishakosea kuliko wote, na mwalimu alikwishakunja uso. Lakini mimi ni mtu ninayemaliza kazi niliyoianza, kila aliyenilipa kushona anajua hilo. Mwalimu alipoita kushoto, nilishusha bega la kulia.

Aliliona. Uso wake ulifunguka kwa furaha, alidhani nimerudi. Akageuka kulia kwa nguvu zote, mikono mbele, akitafuta mkono wa mtu wa pili, ambaye hakuwepo kwa sababu sote tulikuwa tumekwenda upande mwingine. Akapiga hatua tatu, nne, akatoka nje ya mraba kabisa, akafika ukutani, mgongo kwetu, mikono bado imenyooshwa.

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu alizima muziki. Hilo yeye hakulisikia, akabaki pale anayumba kwa mdundo aliokuwa akiuhesabu kichwani.

"Mama anatafuta mlango!" katibu alisema, na kicheko kikaanza upya.

Kisha akageuka akatuona tumesimama. Akacheka na yeye. Alicheka kuliko wote, akijipiga mapaja, na bila kuambiwa akaenda hadi kiti cha birika. Mpishi alisimama kumpisha. Akakaa. Akakunjua kiganja chake cha kushoto, kile nilichokuwa nakishika, akakitazama kama mtu anayetafuta mwiba.

Mhadhiri alikuja kando yangu. "Lakini huyu mama ameanza lini kukosea hivi? Juma lililopita si alikuwa sawa kabisa?"

"Umri, dada," nilisema.

Nikavua kitambaa. Zamu ya pili nilicheza na mpishi, nikakosea mara moja tu. Mwalimu alinitikisia kichwa kwamba nimefaulu.

Wakati wa kuondoka mama msusi alikunja mtandio wake, akanipitia mlangoni. Nilidhani atanitukana. Aliuchukua mkono wangu wa kulia mbele ya watu. Akanibana kidole gumba mara moja. Akanibana mara mbili. Akakibana kiganja chote. Akanikuna kwa ukucha. Kama mtoto anayerudisha somo kwa mwalimu, neno kwa neno, ili ajue kwamba kosa halikuwa la kutojifunza. Halafu akatoka, akavuka barabara, na Jumamosi zilizofuata hakuja.

"Anakuaga vizuri," katibu alisema. "Mjane wako."

Braamfontein tulicheza vizuri. Mdogo wangu alikuja na mumewe, akapiga vigelegele mpaka watu wakamgeukia. Nilivaa gauni nililolishona kwa siku tatu usiku, la kijani, lenye duara pana chini, na nilipozungushwa liliinuka kama linavyopaswa. Nilitazamwa. Nakiri kwamba ilikuwa tamu.

Baadaye mpishi alisema atanisindikiza hadi kituo cha basi. Tulitembea hadi kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, taa ikawa nyekundu, tukasimama.

"Dada, nikuulize kitu usinicheke."

"Uliza."

"Tukicheza, unanibana vidole." Alikuwa ameona haya. "Mara ya kwanza nikafikiri ni bahati. Halafu nikaona ni kila mara. Nikafikiri, basi, huyu anataka kuniambia jambo. Majuma haya yote nimekuwa nafurahi peke yangu jikoni."

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Mkono wangu ulikuwa umeendelea na kazi yake bila mimi.

"Ni mazoea," nilisema.

"Ndiyo, nimeona. Leo nikahesabu. Ukibana mara moja tunaenda kulia. Mara mbili, kushoto. Kabla mimi sijasikia vizuri, mkono wako umeshanieleza." Taa ikawa kijani. Hakuvuka. "Mazoea ya nani?"

Yeye ni mtu wa jikoni. Amezoea kuonja kitu mara moja na kujua kilichokosekana.

"Yule mama hasikii," alisema.

"Hasikii."

"Ulikuwa unamsikilizia."

"Ndiyo."

"Na siku ile nilipokuwa nimekaa pale kwenye chai, mkono wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa mkononi mwake."

Taa ikarudi nyekundu, ikawa kijani tena. Watu walitupita. Mpishi alikuwa anatazama mkono wangu, si uso.

"Mimi nimezika mke," alisema hatimaye. "Mwezi wa mwisho hakuongea. Tulikuwa tunaongea hivyohivyo, kwa vidole." Akavuta pumzi. "Huo mkono wako, dada, sitaki unishike tena."

Akasema, "Sharp," kama wanavyoagana watu wa huku, akavuka peke yake. Hakurudi klabu.

Nilifikiri wakijua watanifukuza, na nilikuwa tayari. Nilisimama Jumamosi iliyofuata nikawaeleza wote, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza changu kibovu kwa ajili ya mwalimu. Fundi viatu aliinamisha kichwa. Mhadhiri akasema, "Hiyo si poa. Hiyo si poa hata kidogo," akatoka nje kidogo, akarudi kwa sababu chai ilikuwa tayari. Mwalimu aliuliza tu kama mpishi ameaga rasmi. Katibu ndiye aliyeniumiza, kwa sababu alinisifu.

"Kumbe una akili, mume wetu! Na sisi tulidhani ni mabega tu."

Mwalimu akafungua mkoba. Kitambaa chekundu kikatoka. Nikanyoosha mkono nifungwe. Ndipo akahesabu. Wanaume watatu, wanawake watatu, na mimi.

Saba.

Tulikaa wote saba tukitazamana, fidla inalia kwenye spika na hakuna wa kucheza. Jumamosi mbili ilikuwa hivyo. Ya tatu wakaniambia, "Wewe ndiye uliyemtoa mama msusi. Nenda kamrudishe."

Nilikwenda Joubert Park saa tano asubuhi. Saluni ilikuwa imejaa. Aliponiona kwenye kioo hakushtuka. Alinionyesha kiti kwa kitana. Nikakaa. Akaanza kunisuka bila kuniuliza mtindo, na alivuta. Alivuta mpaka nyusi zangu zikapanda. Wasiosikia huongea kwa sauti kubwa, na yeye aliongea ili saluni yote isikie.

"Huyu ndiye aliyenipeleka ukutani! Mtazameni. Ana uso wa kanisani, sivyo?"

Wasichana wakacheka. Nikaongea na kioo, polepole, asome midomo.

"Mama, nimekuja kulipa zamu zako."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumbe unazikumbuka." Alivuta. "Zinalipwaje?"

"Kwa kukaa. Nikae mimi, ucheze wewe."

"Mko wangapi sasa?"

"Saba."

"Pamoja nami nane. Ukikaa wewe?"

"Saba."

"Saba wanacheza?"

"Hawachezi."

Alichana sehemu nyingine ya nywele kwa ncha ya kitana, mstari mrefu, nikasikia ngozi inachanika kidogo.

"Sawa. Tuseme umemwokota mtu barabarani, mkawa nane bila wewe. Umekaa kwenye kiti chako cha birika, unalipa. Mimi nimesimama katikati. Mwalimu ameita. Nani atanibana mkono?"

Niliwahesabu wale saba mmoja mmoja kichwani.

"Jibu, nakuona mdomo. Nani?"

"Mimi."

"Ukinibana wewe umecheza. Hujalipa." Akafunga msuko kwa uzi, akaukaza. "Ukikaa, mimi niko ukutani tena. Umeona? Ulinunua kitu ambacho huwezi kukilipia. Inama."

Nikainama. Alinisuka saa tatu. Nilipomaliza kumlipa bei ya kusuka, ile anayolipa mtu yeyote, nilimuuliza kama anaweza kunisamehe. Alisoma midomo yangu mpaka mwisho.

"Sikudai samahani," alisema. "Nakudai zamu."

Klabu haikudumu. Walinzi walihamishwa lindo, mwalimu akaenda kukaa na binti yake pwani. Ukumbi sasa wanafanyia mazoezi ya kwaya. Kitambaa mwalimu aliniachia mimi, sijui kwa wema au kwa dhihaka.

Kila mwezi naenda Joubert Park kusukwa, na kila mwezi ananivuta. Mdogo wangu huja kwangu Jumapili baada ya ibada. Nimemfundisha kulia na kuzunguka. Kushoto bado anasahau, anabana mara tatu. Namshika mkono nafumba macho, na akinipoteza tunaanza upya. Siku moja alichoka.

"Yaya, si umwombe tu msamaha yaishe?"

"Nimeomba. Bana tena."

Mumewe amekubali kujifunza. Fundi viatu amesema atakuja akiitwa, na mhadhiri pia, na mmoja wa wale walinzi wawili. Pamoja na mdogo wangu ni watano. Ili mama msusi acheze nami nikae, wanatakiwa saba, na mmoja wao awe na mkono unaosema kweli. Kiti nimeshakipata. Bado wawili, na bado kushoto.